Nieleze Habari za Mtoto Wako

Nimeona kadi nyingi za kliniki ambazo nukta zake zote za uzito zimekaa vizuri ndani ya kijani, lakini mwenye kadi hana raha. Nimeona pia kadi ambayo mstari wake umelala hadi unakaribia kuingia kijivu, na mwenyewe anacheka na benchi zima, anavuta hereni ya mama yake, anaitaka kalamu yangu. Muuguzi mgeni humkimbilia huyu wa pili. Muuguzi aliyezeekea kazini, akishamalizana naye, hurudi kwa yule wa kijani na kujiuliza: mbona amenyamaza hivi? Mbona hamtazami mtu?

Hilo sikulisomea. Nililipata Mirongo, katika kliniki ya mama na mtoto niliyopangiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, cheti changu kikiwa bado kibichi. Mirongo ni kata ya katikati ya mji wa Mwanza, na jina lake ndilo la mto unaokatiza mjini kwenda kumwaga maji Ziwa Victoria. Wakati wa kiangazi mto wenyewe ni mfereji tu. Mvua zikishuka unakumbuka asili yake na kuingia kwenye nyumba za watu. Ukiinua macho unaona vilima vya mawe na nyumba zilizopachikwa juu yake, na juu ya kilima chake Hospitali ya Bugando, ambayo imekuwa ikiuangalia mji tangu 1971. Siku ya kliniki kina mama walitushukia kutoka Mabatini na Mbugani, wengine wakipitiliza moja kwa moja kutoka Soko la Mlango Mmoja, pesa za asubuhi zimefungwa kwenye pindo la khanga.

Kazi ilikuwa na mwendo wake. Mwangaluka, mayu: habari za asubuhi, mama. Lete kadi. Mvue nguo zote. Mtoto anavishwa kaptula ya kitambaa yenye kamba, ananing'inizwa kwenye ndoano ya mzani uliofungwa kwenye boriti, anapiga kelele, mshale unacheza, unasubiri utulie, unasoma, unaweka nukta. Mwingine! Asubuhi yenye foleni ndefu unaweza kufika mchana hujaona uso wa mama hata mmoja. Umeona migongo ya watoto, mshale na kadi.

Mzani wenyewe nauheshimu, nisije nikaeleweka vibaya. Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu hupungua kidogo siku za mwanzo, pengine hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na huwa ameurudisha akifikisha wiki mbili. Akifika miezi mitano anakaribia kilo sita. Akitimiza mwaka ana tisa, na urefu wake wa sentimita 50 umekuwa 75. Kichwa kinapanuka kwa zaidi ya sentimita kumi kwa sababu ubongo uliomo ndani unaongezeka maradufu katika mwaka huo mmoja, na ndiyo maana utosi wa mbele haufungi haraka. Unangoja hadi mwaka mmoja, mwaka na nusu. Hakuna umri mwingine ambao binadamu hukua hivyo nje ya tumbo la mama yake. Mwezi mmoja wa njaa katika umri huo si sawa na mwezi wa njaa wa mtu mzima, na anayeuona mapema ni mzani.

Tena mzani ulitusaidia kufuta visingizio. Familia nyingi zilituambia, "Sista, ukoo wetu ndivyo ulivyo, ni wafupi." Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa viwango vya ukuaji vinavyotumika hadi leo, baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kuwa mtoto aliyenyonyeshwa vizuri, asiyeuguzwa hovyo, aliyekaa mahali safi, hukua karibu sawasawa na wenzake popote alipozaliwa. Mtoto wa Muscat na mtoto wa Oslo walifuatana. Kwa hiyo wa Mabatini naye hana sababu ya kubaki nyuma, isipokuwa ile tunayomtengenezea sisi.

Lakini kuna hesabu nyingine inayokwenda sambamba na ya kilo, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaipita mbio. Karibu na wiki ya sita mtoto huanza kutabasamu kwa sababu ameona uso, si kwa sababu ya gesi tumboni. Miezi minne anacheka kwa sauti. Miezi sita au saba anakaa na kugeuka akiitwa. Halafu, miezi minane au tisa, jambo linaloudhi watu: analia akishikwa na mgeni. Hapo ndipo wengi wao walipokuwa wanaletwa kwa chanjo ya surua, na mama akawa anatuomba radhi: "Samahani sista, siku hizi amekuwa mwoga, sijui amerogwa na nani." Hakurogwa. Ameanza kujua nani ni wake na nani si wake, na hiyo ni akili kubwa. Niliyekuwa namwogopea ni yule wa miezi tisa anayepokelewa na mikono yoyote bila kugeuka kumtafuta aliyemleta.

Tulikuwa na muuguzi mkubwa, mwenyeji wa Ukerewe, tukimwita Mama Mkubwa, kwa umri na kwa umbo. Yeye alikuwa na tabia iliyotukera vijana. Akishaweka nukta, harudishi kadi. Anaishika mapajani, anaifunika kwa kiganja, kisha anamwambia mama, "Haya, nieleze habari za mtoto wako." Kina mama walishtuka mara ya kwanza, wakadhani wamekosa. Wengine walijibu, "Hajambo," wakanyamaza. Wengine walimiminika: huyu akisikia sauti ya baba yake mlangoni anaacha ziwa, hapendi uji wa moto, anasubiri upoe ndipo afungue kinywa, usiku hapati usingizi mpaka ashike sikio langu, jana alimwona mbuzi akacheka mpaka akapata kwikwi. Foleni nyuma inanung'unika, jua linapanda, na Mama Mkubwa anasikiliza habari za mbuzi.

Aliyekuwa na habari nyingi alirudishiwa kadi na tarehe ya kawaida. Asiyekuwa na la kusema aliombwa kwa upole akae pembeni mpaka watu wapungue. Hakuna mahali popote katika rejesta pa kuandika jambo hilo, naye hakuliandika.

Miaka mingi baadaye nilirudi chuoni kujiendeleza, na katika somo la makuzi ya mtoto nikakutana na jina la Mary Ainsworth. Wanafunzi wa uuguzi duniani kote wanamjua kwa majaribio yake ya Baltimore, Marekani, ya kumwacha mtoto chumbani na mgeni kwa dakika chache ili kuona mama akirudi atapokewaje. Kitu ambacho mwalimu wetu alikitaja kwa haraka, kikaniinua kwenye kiti, ni kwamba kazi hiyo haikuanzia Baltimore. Ilianzia Uganda, ng'ambo ya ziwa hilihili. Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Naye akaanza kwenda na mkalimani kwenye nyumba za Waganda vijijini karibu na mji, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi kama tisa. Akakaa sebuleni kama mgeni, akatazama watoto 28. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967.

Alikwenda kule akiwa na swali lingine kabisa. Alisikia kwamba Waganda wana desturi ya kumwachisha mtoto ziwa na papo hapo kumpeleka kwa bibi yake, na alitaka kuona utengano huo unamfanya nini mtoto. Alipofika akakuta desturi yenyewe imeshachakaa, familia nyingi haziifanyi tena kama alivyoambiwa. Ikabidi atazame kilichokuwa mbele yake. Akaona mtoto anatambaa mbali na mama, anachungulia ua, anarudi kumgusa goti, anaondoka tena. Mama akitoka chumbani, mtoto anaacha mchezo na kumfuata. Akaona pia kwamba si wote waliofanya hivyo kwa utulivu. Watoto 16 aliwahesabu kuwa wameshikamana na mama zao kwa usalama, saba kwa wasiwasi, na watano walikuwa bado.

Je, tofauti ilitoka wapi? Haikutoka kwenye wingi wa saa tu ambazo mama alikaa nyumbani. Moja ya mambo aliyoyakuta ni kwamba mama wa watoto wenye utulivu walikuwa ndio wenye habari. Ukiwauliza juu ya mtoto, wanaeleza kwa kina, wanakumbuka vitu vidogovidogo, hawatoki kwenye mada. Mama wa watoto wenye wasiwasi walikuwa wepesi kuzungumzia mengine.

Nilipokwenda Ukerewe kumsalimia Mama Mkubwa, wakati huo amestaafu na anafuga kuku, nilimsimulia yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa huyo Mzungu alihitaji miezi tisa?"

Msomaji wa Kisii ataniuliza kama namaanisha kwamba mama asiyeongea na mtoto wake hampendi. Simaanishi hivyo, na ni vizuri kulisema, kwa sababu siku hizi kuna semina zinazofundisha hivyo. Robert LeVine na wenzake waliishi na Wagusii, yaani Wakisii, wa Kenya katika miaka ya 1950 na tena miaka ya 1970. Walikuta mama ambao kwa desturi hawamtazami mtoto machoni kwa muda mrefu na wanaona ni jambo la kuchekesha kuongea na kiumbe asiyejibu. Lakini mtoto akilia kidogo tu, keshapakatwa, keshapewa ziwa. Watoto wale hawakuharibika. Nimewaona Wasukuma wengi wa namna hiyo: kimya mbele yako, mtoto mgongoni kutwa nzima, na mama anajua kwa kuhisi mgongo wake tu kama mtoto amelala, ana njaa au ana homa. Swali la Mama Mkubwa lilimtosha hata mama wa aina hii. Hakuwa anapima maneno mengi wala lugha tamu. Alikuwa anataka kujua kama kuna mtu mmoja duniani anayemjua mtoto huyu.

Wakati mwingine mtu huyo si yule unayemdhania.

Watu wa kwetu wana hukumu ya haraka kwa mtoto anayedhoofu akiwa bado ananyonya: amebemendwa. Wazazi hawakuvumilia, au mmoja wao ametoka nje, na tendo hilo limemharibu mtoto. Anayehukumiwa karibu siku zote ni mama. Nadhani zamani imani hii ilikuwa na kazi yake, kwa sababu ilizuia mimba isifuate mimba na mtoto asinyang'anywe ziwa mapema. Leo imebaki fimbo tu, na nimeona wanawake wakificha mtoto mgonjwa nyumbani wiki nzima kwa kuogopa macho ya watu kliniki.

Alikuja binti mmoja na mtoto wa miezi saba, akisindikizwa na mama mkwe. Mume yuko visiwani kwenye uvuvi, binti anatoka alfajiri kwenda kuchukua dagaa Kirumba na kuwatembeza mjini. Nukta tatu za mwisho kwenye kadi zilikuwa zinashuka. Mtoto aliwekwa kwenye kaptula akaning'inia bila kulia. Hilo lilitufanya sote tugeuke. Mama mkwe alisema kwa sauti ya benchi zima kusikia kwamba sababu anaijua kila mtu. Binti aliinamisha kichwa.

Mama Mkubwa hakubishana. Alisema, "Mayu, karibu nawe ukae," akampa bibi yule kiti chake mwenyewe. Kwa binti aliuliza swali lake, binti akasema hajambo. Akamgeukia bibi, akauliza swali lilelile. Bibi ndiye aliyekuwa na habari zote. Mtoto anaachwa na msichana wa kazi ambaye naye ni mtoto. Msichana anaogopa kugombezwa uji ukibaki, kwa hiyo anamlaza mtoto chali, anambana pua, anamimina. Mtoto siku hizi akiona kikombe anageuza uso na kufumba macho. Zamani alikuwa anapiga makofi, ameacha. Anapenda viazi vya kuponda, lakini hakuna anayekaa naye apate kula taratibu.

"Na wewe hujakaa naye kwa nini?" Mama Mkubwa alimuuliza.

Bibi alisema hakutaka kuonekana anamlea mtoto wa mwanamke aliyembemenda.

Sitasahau namna lilivyomalizwa jambo lile. Hakuna aliyemwambia bibi kuwa imani yake ni ya kijinga. Aliambiwa kwamba maziwa ya mama hayaharibiki kwa tendo la ndoa, kwamba kilichomwangusha mtoto ni njaa na kukabwa, na kwamba kati ya watu wote waliokuwa mle ndani, anayemjua mtoto ni yeye. Binti aliambiwa anyonyeshe kabla ya kutoka na mara tu anaporudi, kabla hata ya kuhesabu pesa. Bibi alipewa kazi ya kulisha: mtoto akae, apewe kidogo, angojwe. Viazi vipondwe na dagaa waliosagwa, na maziwa yakiwepo. Waliporudi mwezi uliofuata kilo zilikuwa zimeongezeka kwa kiasi kisichostahili kusifiwa. Lakini mtoto alipovishwa kaptula alilia mpaka kuta zikasikia, akamnyooshea bibi mikono. Mama Mkubwa alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona.

Wauguzi wa wodi za utapiamlo wataielewa furaha hiyo. Mtoto mwenye kwashiakoo hana hamu ya kitu. Unampa maziwa, anatazama ukuta. Siku atakayotabasamu, hata kama mizani haijasema kitu, unajua ameanza kurudi. WHO katika mwongozo wake wa kutibu utapiamlo mkali iliweka hatua kumi, na ya tisa si dawa wala chakula, ni kumchangamsha mtoto na kumpa upendo na michezo. Wodi nyingi hutekeleza nane za kwanza na kurukia ya kumi, ambayo ni maandalizi ya kurudi nyumbani. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, tulitengeneza vifaa vya kuchezea: chupa tupu zenye punje za mahindi, vifuniko vya soda kwenye waya, mpira wa vitambaa. Kina mama wenyewe walichangamka, maana aliyekaa wiki mbili akitazama dripu hupata kitu cha kufanya na mikono yake. Ikatangazwa kuwa kuna mgeni mkubwa anakuja. Kiongozi wa wodi akaagiza "takataka" zile zitolewe, zikatupwa zote. Mgeni alikuta wodi safi na watoto wanatazama dari.

Anayedhani hayo ni mapambo asome habari za Jamaica. Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi tisa hadi ishirini na minne, jijini Kingston. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya wa kawaida, aliyemfundisha mama kucheza na mtoto kwa vitu vya bei rahisi. Miaka ishirini baadaye, waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kuliko wenzao kwa asilimia 25. Kucheza, tena kwa vitu vya nyumbani.

Hospitali zetu zina jambo moja ambalo Wazungu walichelewa kulijua. Uingereza, hadi miaka ya 1950, mtoto akilazwa wazazi waliruhusiwa kumwona kwa masaa machache, kwingine siku chache tu za wiki, kwa hoja kwamba wakija anasumbuka. Ilibidi mtu aitwaye James Robertson atengeneze filamu mwaka 1952 ya mtoto wa miaka miwili akinyauka siku baada ya siku wodini ndipo watu waanze kuona haya. Kwetu mama hulala na mtoto, wakati mwingine wawili kitanda kimoja na msururu wa ndugu nje ya dirisha. Tunalalamikia msongamano, na tuna haki. Lakini mtoto hakuachwa peke yake.

Isipokuwa njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Huyo tulimtenga. Tulimfungia kwenye chumba cha joto, mama akawa anaitwa kwa zamu kuja kukamua maziwa na kuondoka. Tuliamini kumgusa ni kumuua. Daktari Edgar Rey wa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa kukosa vifaa vya kutosha, aliwaweka watoto hao kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na ndiyo asili ya huduma ya kangaruu. Kwa miaka mingi tuliambiwa isubiri mpaka hali ya mtoto itulie. Halafu ukafanyika utafiti katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, wa kumweka kifuani mara tu anapozaliwa. Ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana: vifo vya siku 28 za mwanzo vilipungua kwa robo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata WHO ikabadilisha maelekezo yake. Kifua cha mtu kilikuwa dawa, nasi tulikuwa tumekifungia nje.

Na nasema kifua cha mtu, si cha mama tu. Nimemwona mwanamume, fundi baiskeli, amefunguliwa vifungo vya shati na kufungiwa njiti wa kilo moja na nusu kwa khanga ya mkewe aliyekuwa bado chumba cha upasuaji. Alikaa hivyo mchana kutwa bila kwenda hata msalani kwa kuogopa kumwamsha. Siku za nyuma asingevuka mlango.

Miaka ya 1990 ilitufundisha hilo kwa ukali zaidi. Ukimwi ulishaingia nchini kwa mlango wa Kagera tangu 1983, na Mwanza hatukuwa mbali. Benchi letu likaanza kujaa bibi. Walikuja na wachanga ambao mama zao wamezikwa, na kadi zenye nukta mbili tatu kisha pengo refu. Wengi tuliwapoteza, maana maziwa ya ng'ombe yaliyozidishiwa maji hayamkuzi mtoto wa mwezi mmoja, na maji yenyewe ya mtoni yalikuwa sumu. Lakini kati ya waliopona, niliona kitu nilichokuja kukikuta tena kwa Ainsworth: mtoto hakuhitaji lazima aliyemzaa. Alihitaji mtu asiyebadilika. Kulikuwa na bibi mmoja aliyemlea mjukuu kwa hasira, akimgombeza tangu anaingia hadi anatoka, kwa Kisukuma kitupu. Mtoto alikuwa hataki kumwacha hata dakika. Ukimwomba bibi habari za mtoto huyo, ilikubidi usogeze kiti.

Leo takwimu zinatia moyo kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30. Bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na kwa mara ya kwanza maneno kama malezi yenye mwitikio na uchangamshi wa awali yakashuka hadi kwenye vikao vya halmashauri. Nayakaribisha, ingawa mabango ni mengi kuliko viti. Muuguzi mmoja mwenye watoto sitini asubuhi hatauliza habari za mtoto yeyote hata umpe semina kumi. Atasoma mshale. Apewe mwenzake wa pili kwanza, ndipo alaumiwe.

Tatizo jipya nililoliona kabla ya kustaafu ni simu. Mama ananyonyesha huku kidole kinapandisha picha. Mtoto anaachia ziwa, anamtazama usoni, anangoja, halafu anarudi kunyonya. Siwalaumu sana. Foleni ni ndefu na simu ndiyo kampani. Ila mtazame mtoto wakati anangoja.

Muuguzi kijana unayesoma, uliza lile swali hata kwa mtoto mmoja kwa siku, yule aliyenyamaza kwenye kijani. Baba, siku ya kliniki ichukue kadi wewe, na uwe na la kujibu. Na mwajiri mwenye duka, kiwanda cha samaki au ofisi hapa Mwanza: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kila siku ya kazi za kwenda kwa mtoto wake. Hahitaji kukuomba kwa unyenyekevu. Mwache aende.